Barua ya wazi kwa Mganga Mfawidhi: Mume wangu hakuacha dawa

Ndugu Mganga Mfawidhi,

Mimi ni mke wa mgonjwa anayehudhuria kliniki ya ini katika hospitali yako. Sitaitaja kwa jina, kwa sababu wauguzi wa wodi ya wanaume walimhudumia mume wangu kwa moyo, nami sitaki waingizwe katika shari isiyo yao. Naandika hadharani kwa kuwa barua niliyoitumbukiza kwenye sanduku la maoni haikujibiwa, na ile niliyoikabidhi masjala ikagongwa muhuri mbele yangu haikujibiwa pia.

YAH: KUKATIKA KWA DAWA YA HOMA YA INI, NA MANENO YALIYOANDIKWA KWENYE FAILI LA MUME WANGU

Dirisha la dawa ninalolisema unalijua. Masika iliyopita mume wangu alifika pale na kadi yake, akaambiwa tenofovir imekwisha, njoo wiki ijayo. Wiki iliyofuata akaambiwa hivyohivyo. Na iliyofuata. Hakuna aliyemrudisha kwa daktari, wala aliyemwandikia karatasi ya kwenda kwingine. Kadi ambayo daktari wako mwenyewe aliandika juu yake kwamba dawa hii isiachwe hata siku moja, ilirudishwa mikononi mwake bila kidonge.

Wewe ni daktari, hunihitaji mimi nikufundishe homa ya ini B. Lakini maisha ya nyumbani na ugonjwa huu huyajui, na uamuzi wa dirishani ulikuja kutua nyumbani kwangu. Mume wangu aligundulika alipokwenda kumchangia damu ndugu yake aliyekuwa akisubiri upasuaji. Kabla ya hapo alikuwa seremala mwenye afya, mchovu jioni kama maseremala wote. Vipimo vilipokamilika tukaambiwa ini limeanza kusinyaa. Tukaambiwa pia kwamba dawa haivimalizi virusi, vinabaki vimejificha ndani ya seli za ini, ila ikimezwa kila siku inavizuia visizaliane. Tukaishika kauli hiyo. Kidonge kilimezwa kila usiku baada ya taarifa ya habari. Macho yakarudi kuwa meupe, tumbo likashuka, akarudi karakanani. Ini lilikuwa limetulia.

Halafu dawa ikakatika, na virusi vikaamka. Yakaanza manjano, mkojo ukakolea, tumbo likajaa maji hadi mkanda ukagoma kufunga. Kilichofuata kilinitisha kuliko tumbo. Akawa analala mchana na kukesha usiku. Mikono ikawa inatikisika akiinyoosha. Alimwita mwanetu kwa jina la marehemu kaka yake. Usiku mmoja alisimama mlangoni mwa chumba chetu akaniuliza, kwa adabu kabisa, mwenye nyumba yuko wapi, anataka kumuaga aende kwao.

Alipolazwa, daktari wa zamu wodini alinieleza kwamba ini likishindwa kuchuja, sumu hupanda hadi kwenye ubongo. Akaniuliza, aliacha dawa? Nikamjibu, hakuacha, alinyimwa. Siku ya kuruhusiwa nikaisoma karatasi. Imeandikwa: mgonjwa aliacha dawa.

Ndugu Mganga Mfawidhi, hakuacha dawa. Mtu aliyepanga foleni tangu alfajiri na kadi mkononi hakuacha dawa. Mtu aliyerudi kila wiki aliyoambiwa arudi hakuacha dawa. Nauli aliitoa, kibarua alikikosa, foleni aliimaliza. Sasa faili linamwonyesha kama mzembe, na kila daktari mpya anayelifungua anaanza kwa kumkaripia kabla hata hajamgusa tumbo. Maneno hayo mawili yanafunga swali lililopaswa kuulizwa ofisini kwako: stoo iliachwaje ikauke, na nani alijua?

Mimi nilitoka kuitafuta dawa. Nilizunguka maduka ya dawa ya mjini, na wauzaji wakanitazama usoni kisha wakanielekeza CTC, kliniki ya watu wanaoishi na VVU. Nikaenda. CTC iko hatua chache kutoka dirisha lile, na kidonge cha mseto wanachopewa watu wanaoishi na VVU kina tenofovir hiyohiyo, miligramu 300, kiasi kilekile alichoandikiwa mume wangu. Nikaambiwa hizo zina wenyewe. Sikuja kumpora mtu dawa yake, na sitaki mgonjwa yeyote wa CTC apunguziwe hata kidonge kimoja. Ninachosema ni kwamba hospitali hiyohiyo inajua kabisa jinsi ya kumlinda mtu asikatikiwe na dawa. Mgonjwa aliyetulia pale anapewa dozi ya miezi kadhaa kwa mkupuo. Akikosa kliniki, kuna mtu anamtafuta kwa simu. Maarifa mnayo, na yako ndani ya uzio mmoja. Mgonjwa wa homa ya ini anapewa ya mwezi, dawa ikiisha anaambiwa njoo wiki ijayo, na akizidiwa anaandikiwa kwamba aliacha.

Mengine nitayataja tu. Karakana imefungwa. Ada ya mtoto tumeikopa. Mimi mwenyewe sikuambiwa na mtu yeyote kwamba mke wa mgonjwa anapaswa kupimwa na kuchanjwa. Niliuliza mwenyewe, nikatafuta mwenyewe sindano tatu zile. Majirani wametenga kikombe chake, ingawa virusi hivi haviambukizwi kwa chakula wala chombo, na hakuna ubao hata mmoja hospitalini kwako unaosema hivyo.

Nyumbani sasa nampikia mboga isiyo na chumvi, kila asubuhi napima tumbo lake kwa futi ya cherehani, namnywesha laktulosi na kuhakikisha anapata choo laini mara mbili au tatu kwa siku, maana akifunga choo tu akili inaanza kupotea. Hayo ni yangu, nayafanya kwa mapenzi na sikuombi unisaidie. Lakini sina namna ya kutengeneza tenofovir jikoni kwangu.

Na hili si la hospitali yako peke yake. Kila tarehe 28 Julai, Siku ya Homa ya Ini Duniani, tunaitwa tukapime. Tukipima tukakutwa nayo, tunakabidhiwa kwa nani? Watoto wetu walianza kuchanjwa dhidi ya homa ya ini B mwaka 2002. Jambo jema. Mume wangu na rika lake walizaliwa kabla ya hapo, na mtoto mchanga akiambukizwa, mara tisa katika kumi hubaki na virusi maisha yake yote. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na ugonjwa huu, na milioni 1.1 walikufa kwa sababu yake. Wengi wanakufa kwa ini kusinyaa na kwa saratani ya ini, magonjwa yanayokuja polepole, yanayotoa nafasi ya kutosha ya kuingilia kati. Kidonge kipo, kinafahamika, na kinatengenezwa kwa wingi kwa ajili ya VVU. Kinachokosekana ni mtu wa kuwajibika kisikatike. Wanaosimama kwenye majukwaa ya kampeni na kutuhimiza tupime waulizwe kwanza stoo zao zina nini.

Naomba mambo manne. Mgonjwa ambaye ini lake limeshasinyaa apewe dawa ya miezi mitatu kwa mkupuo, na akiba yake itengwe. Dawa ikikaribia kuisha, wagonjwa wapigiwe simu kabla, waelekezwe itakapopatikana, na asirudishwe mtu nyumbani mikono mitupu bila kumwona daktari. Mwenzi na watoto wa kila mgonjwa wapimwe na wachanjwe siku hiyohiyo anapoanza kliniki.

La nne ni dogo, linahitaji kalamu tu. Fungua faili la mume wangu. Pale palipoandikwa kwamba mgonjwa aliacha dawa, pakatwe, na pembeni paandikwe ukweli: hospitali haikuwa na dawa. Pawekwe tarehe, saini na jina la aliyeandika. Nakala nitaifuata mwenyewe masjala.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mke wa mgonjwa wa kliniki yako ya ini