Kambi ya Iten na somo kwa mabinti wa Tarime na Serengeti

MACHI 24, 2007, katika joto kali la Mombasa, Lornah Kiplagat alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za nyika, akimwacha nyuma Tirunesh Dibaba wa Ethiopia. Alishinda katika ardhi ya Kenya alikozaliwa, lakini medali ilihesabiwa kuwa ya Uholanzi, nchi iliyompa uraia mwaka 2003.

Ushindi wa namna hiyo huzua mjadala wa uraia. Hata hivyo, kwa wilaya za Tarime na Serengeti mkoani Mara, jambo kubwa zaidi katika maisha ya mwanariadha huyo si bendera aliyoivaa, bali kambi aliyoijenga.

Kiplagat alizaliwa mwaka 1974 katika familia ya wakulima ya Bonde la Ufa. Alishinda marathoni ya Los Angeles mwaka 1997 na 1998, kisha ya Amsterdam mwaka 1999. Baada ya kuanza kuichezea Uholanzi, alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za barabarani kwa miaka mitatu mfululizo: Debrecen 2006, Udine 2007 na Rio de Janeiro 2008. Huko Udine alikimbia nusu marathoni kwa saa 1:06:25, rekodi ya dunia iliyodumu hadi mwaka 2011 ilipovunjwa na Mary Keitany wa Kenya.

Wakati huo huo, yeye na mumewe, Pieter Langerhorst, walitumia fedha za zawadi kujenga kambi ya mazoezi mjini Iten, katika mwinuko wa takriban mita 2,400. Lengo la awali lilikuwa wasichana wakimbiaji.

Sababu yake inaeleweka kwa yeyote aliyekulia kijijini. Mvulana akitoka mazoezini hujilaza kivulini. Dada yake humsubiri ndoo ya maji, kuni, jiko na mtoto wa kubeba mgongoni. Ilhali mwili wa mkimbiaji hujengeka wakati wa mapumziko, si wakati wa mbio peke yake. Kambi ilimpa msichana kitanda, chakula na muda. Ilimpa pia jibu la kuwaeleza wakubwa wa nyumbani waliomtaka aolewe.

Nchini Uholanzi kwenyewe, mbio za kuteleza kwenye barafu zimejengwa juu ya viwanja na klabu zinazompokea mtoto wa kike akiwa mdogo. Ireen Wüst alipata dhahabu katika Olimpiki tano mfululizo za majira ya baridi, kuanzia Turin 2006 hadi Beijing 2022. Kipaji kilikuwa chake, lakini hakuna aliyemtoa uwanjani akiwa na miaka 14.

Hapo ndipo tatizo la Mara lilipo. Michezo ya UMITASHUMTA na UMISSETA huwapa walimu nafasi ya kumwona binti mwenye mbio. Lakini shule zikifungwa mwezi Desemba, katika jamii za Wakurya ndio msimu wa ukeketaji. Baraza la wazee wa mila hupanga, ngariba huitwa, na binti aliyekeketwa huhesabiwa kuwa yuko tayari kuolewa kwa mahari ya ng'ombe. Mkimbiaji aliyeonekana katikati ya mwaka anaweza asirudi shuleni Januari.

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 inaharamisha kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Pamoja na hayo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa asilimia 32 ya wanawake wa Mara walikuwa wamekeketwa, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 10. Utafiti wa mwaka 2022 ulitaja asilimia 28 kwa Mara na 8 kwa taifa. Kasi ya kupungua ni ndogo.

Mabinti wanaokimbia msimu huo hupokelewa katika nyumba salama, ikiwamo ya Masanga wilayani Tarime na ile ya Mugumu, Serengeti, iliyofunguliwa mwaka 2014. Kwa maneno mengine, sehemu ya kile kilichojengwa Iten tayari ipo Mara: paa, chakula na ulinzi. Kinachohitajika ni kuunganisha ulinzi huo na michezo, ili binti aende kambini mwezi Novemba akiwa mwanamichezo aliyeagwa na wazazi wake, badala ya kutoroka usiku mwezi Desemba akiwa mkimbizi.

Fedha haziko mbali. Kwa marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017, mgodi hutakiwa kuandaa kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii na kuukubaliana na halmashauri, na mgodi wa North Mara uko Tarime. Kwa upande wake, Wilaya ya Serengeti inapakana na hifadhi mashuhuri ya taifa. Bweni moja, mlezi mmoja wa kike na mwalimu mmoja wa riadha si mzigo usiobebeka.

Wapo watakaosema kuwa si kila binti atakuwa Kiplagat. Ni kweli. Tanzania haijapata medali ya Olimpiki kwa mwanamke, ingawa Theresia Dismas alileta fedha ya kurusha mkuki kutoka Michezo ya Afrika ya Brazzaville mwaka 1965, na Magdalena Shauri alikuwa wa tatu katika marathoni ya Berlin mwaka 2023. Lakini binti atakayeshindwa mbio baada ya miaka minne ya kambi atakuwa amemaliza kidato cha nne, hajakeketwa wala kuozwa. Kwa Tarime na Serengeti, huo nao ni ushindi unaostahili kutengewa bajeti kabla Desemba nyingine haijafika.