Kabla hujasema 'heri jeshi lichukue nchi'

Kila serikali ikituudhi, hukosi kusikia mtu kwenye matatu au TikTok akisema, "Heri jeshi lichukue hii nchi." Tangu wanajeshi wapindue serikali kule Mali, Burkina Faso na Niger, maneno haya yamezidi. Video za Kapteni Ibrahim Traoré zimejaa kwenye simu zetu, na wengi wanauliza wetu atatokea lini.

Hasira hiyo naielewa. Polisi wanaturushia vitoa machozi, mbunge uliyempigia kura hashiki simu, na kazi hakuna. Ukimlinganisha na hao, mwanajeshi anaonekana mtu safi. Hakuitishi kitu kidogo barabarani. Lakini hebu jiulize kwa nini anaonekana safi. Sababu kubwa ni kwamba hukutani naye kila siku. Yuko kambini, kazi yake ni mpakani. Akija kukuongoza, sifa hiyo haitadumu.

Historia yetu inaonyesha hivyo. Mwingereza aliunda King's African Rifles, yaani KAR, mwaka wa 1902 kulinda himaya yake. Vijana wa huku walipelekwa kupigana hadi Burma katika Vita vya Pili vya Dunia. Mau Mau walipoingia msituni, KAR hiyo hiyo ikatumwa kuwasaka. Mwafrika alimwelekezea Mwafrika mwenzake bunduki, na aliyetoa amri hakuwajibika kwa mwananchi yeyote. Ni huko KAR ambako Idi Amin alifunzwa kazi, kabla ya kunyakua Uganda mwaka wa 1971.

Tulipata uhuru Desemba 1963, na hata miezi miwili haikuisha. Januari 1964 wanajeshi wa Tanganyika waliasi, wakafuatwa na wa Uganda, kisha wa kwetu kule Lanet, Nakuru. Walitaka mishahara bora na maafisa Waingereza waondoke. Madai hayo yalikuwa na uzito, lakini Mzee Kenyatta aliishia kuwaita wanajeshi wa Uingereza, nchi ambayo tulikuwa tumetoka kuiaga, waje kuzima uasi.

Kisa kinachokuhusu zaidi wewe mwanafunzi ni cha Jumapili, Agosti 1, 1982. Wanajeshi wa angani waliteka kituo cha Voice of Kenya na kutangaza kwamba serikali ya Moi imepinduliwa. Baadhi ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walitoka barabarani kushangilia. Jeshi la nchi kavu likazima jaribio hilo. Maduka yaliporwa, wanawake wakabakwa, raia wengi wakauawa. Chuo kikuu kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Mwenyekiti wa wanafunzi, Tito Adungosi, alifungwa miaka 10 na akafia gerezani kabla ya kumaliza kifungo. Na Moi je? Alipata sababu ya kukaza kamba, akatawala miaka mingine 20.

Utasema hilo lilifeli, tuangalie yaliyofaulu. Sawa. Utawala wa Traoré ulifaa kuisha Julai 2024. Ukaongezwa miaka mitano. Wanahabari na wakosoaji kadhaa waliandikishwa jeshini kwa nguvu. Wewe unayemtumia Rais memi kila asubuhi, fikiria kuamka kesho umepewa bunduki na kupelekwa vitani kwa sababu ya posti moja.

Walioandika Katiba ya 2010 walijua haya yote. Kifungu cha 241 kinasema kazi ya kwanza ya KDF ni kulinda uhuru na mipaka ya nchi. Wanaweza kusaidia wakati wa dharura au mkasa, lakini lazima Bunge la Kitaifa lipewe ripoti. Wakitumwa kurejesha utulivu penye ghasia humu nchini, lazima Bunge liidhinishe kwanza. Kifungu cha 239 kinawakataza kutumikia chama chochote cha siasa na kuwaweka chini ya mamlaka ya kiraia.

Kumbuka Juni 25, 2024, waandamanaji walipoingia Bungeni. Serikali ilitangaza kwamba KDF watawasaidia polisi, na wabunge wakaidhinisha kesho yake. Chama cha Wanasheria kilikimbia kortini. Mahakama Kuu iliruhusu jeshi litumike, ila ikaitaka serikali ieleze wazi mipaka ya kazi hiyo. Kwa waliokuwa barabarani wakati huo, karatasi hiyo ya korti huenda ilionekana kitu kidogo. Lakini ndiyo tofauti kati ya jeshi la nchi na jeshi la mtu.

Sikuambii umchukie mwanajeshi. Wengi wetu tuna ndugu au jirani aliyepiga foleni siku ya usajili, akakimbia peku na kukaguliwa hadi meno. Wapo waliofia Somalia tangu vikosi vyetu vivuke mpaka Oktoba 2011. Kambi ya El Adde iliposhambuliwa Januari 2016, serikali ilikataa kutaja idadi ya waliokufa, familia zikabaki kuhesabu majeneza. Kumheshimu mwanajeshi ni kuuliza maswali kama hayo: ametumwa wapi, na nani, kwa idhini gani, na kwa pesa ngapi. Anayepaswa kukujibu ni mbunge wako.

Basi kama mbunge huyo amekuchosha, dawa ipo na haihitaji kifaru. Nenda ofisi ya IEBC ujisajili, uende na marafiki zako wote wa mtaani. Kiongozi aliyeingia kwa kura unaweza kumtoa 2027. Aliyeingia kwa bunduki, utamtoa na nini?