Kosa Si Lako, Ni la Mwongozo. Sasa Urekebishe

Ukimwambia msee wa Mombasa unatoka Bura, swali la kwanza ni, "Bura gani?" Kuna Bura yetu ya Taita, ukishapita Mwatate kwenye barabara ya Voi kwenda Taveta. Halafu kuna Bura ya Tana River, ile ya mradi wa kunyunyizia mashamba maji, njia ya Garissa. Mtu akikuandikia tu "panda gari la Bura" hajadanganya, lakini unaweza kushuka kilomita mia kadhaa kutoka unakotakiwa. Na ukipotea hivyo, mjinga si wewe. Aliyekuelekeza ndiye aliyeacha neno moja.

Kwa nini naanza na Bura? Kwa sababu hiyo ndiyo shida ya miongozo ya programu, na watu wengi wanaacha koding kwa ajili yake wakidhani hawana akili.

Mimi nilikaribia kuacha. Nilikuwa na laptopu ya mtumba yenye Ubuntu, na bando la siku moja. Mwongozo wa programu moja ukasema: andika python, halafu jina la faili. Nikaandika. Mashine ikajibu kwamba amri hiyo haipo. Nikafuta kila kitu, nikapakua upya, nikarudia. Jibu lile lile, mpaka bando likaisha. Nilikuwa nimetoka campo bila digrii, so ile sauti ya "hii kitu si ya watu kama wewe" haikuhitaji kusukumwa ili iingie.

Kesho yake msee mmoja akaangalia simu yangu kwa sekunde kumi akasema, "Weka 3 mwishoni. Andika python3." Ikafanya kazi.

Kumbe Python 2 ilistaafishwa tarehe 1 Januari 2020, na Ubuntu 20.04 iliyotoka Aprili mwaka huo haikuja tena na amri ya python peke yake. Mwongozo niliofuata uliandikwa kabla ya hapo, na hakuna mtu aliyerudi kuugusa. Tarakimu moja tu ilinilia bando na usiku mzima.

Msimamo wangu ni huu: kurekebisha mwongozo ni kazi ya programu kama kuandika msimbo, na sisi tunaidharau bure. Kila mtu anataka kusema ameandika msimbo. Hakuna anayejisifu kwamba amesahihisha hatua ya tatu.

Si hapa kwetu tu. Mwaka 2017 GitHub waliuliza watu wanaotumia na kujenga programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Asilimia 93 walisema miongozo isiyokamilika au iliyopitwa na wakati ni tatizo. Lakini kati ya wale wanaochangia, asilimia 60 walisema ni mara chache sana wanagusa miongozo, au hawagusi kabisa. Yaani karibu wote wanaona shimo barabarani, na wengi wanalizunguka tu.

Na usifikiri programu huria ni mambo ya Wazungu. Ushahidi ilizaliwa hapa Kenya mwaka 2008, wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi, watu watume ripoti na zionekane kwenye ramani. KenyaEMR, mfumo wa rekodi za wagonjwa unaotumika kwenye vituo vingi vya afya nchini, umejengwa juu ya OpenMRS, ambayo pia ni programu huria. Sasa fikiria nesi mgeni kwenye mfumo kama huo. Mwongozo unamwambia abonyeze kitufe ambacho kilihamishwa kwenye toleo jipya. Foleni iko nje, mama amebeba mtoto mwenye homa. Hapo kosa la mwongozo si kitu kidogo tena.

Utasema, "Wenye programu si warekebishe wenyewe?" Wangependa, lakini hawalioni kosa. Mtu aliyeishi Bura miaka ishirini hasemi "Bura ya Taita", anasema Bura tu. Aliyejenga programu anaruka hatua ya tatu bila kujua ameiruka. Mgeni ndiye anayejikwaa, na anayejikwaa ndiye anayejua jiwe liko wapi. Ukishazoea, na wewe utaacha kuliona. So andika siku ile ile uliyokwama.

Utasema tena, "Si akili bandia itaandika?" Itaandika, ndiyo. Lakini imejifunza kutoka miongozo hii hii. Kama ya zamani imejaa python bila 3, usishangae ikikurudishia kosa lile lile kwa lugha tamu.

Kuhusu pesa, sitakudanganya. Mara nyingi ni kazi ya bure. Kuna waliowahi kulipwa, Google walianzisha Season of Docs mwaka 2019 ili waandishi walipwe kwa kazi hii. Lakini usiache kibarua chako ukisubiri malipo ya namna hiyo. Utakachopata kwa hakika ni kazi yenye jina lako, iliyo wazi, ambayo mtu yeyote anaweza kuikagua bila kukuuliza cheti.

Namna ya kufanya si ngumu. Fungua faili la mwongozo kwenye GitHub, bonyeza alama ya kalamu, rekebisha, halafu tuma ombi la mabadiliko. Hata kwa simu inawezekana. Kwanza angalia kama kuna mwingine amesharipoti. Sema unatumia mfumo gani, ulikwama hatua gani, na nini kilisaidia. Rekebisha kitu kimoja, usiandike upya mwongozo mzima siku ya kwanza. Na usitukane. Huyo mwenye mradi huenda anaufanya usiku baada ya kazi yake, kwa bure pia.

Mimi nilituma ile 3 yangu. Wiki mbili kimya. Nikaona basi, imetupwa. Halafu likaja jibu fupi: asante, imekubaliwa.

Ni tarakimu moja tu, sitajifanya nimejenga SGR. Lakini kuna mtu mahali fulani ana bando la siku moja na anafuata mwongozo ule leo. Hatalala akijiita mjinga.

Wewe ulikwama wapi wiki hii? Rudi hapo, urekebishe.