Mwalimu Aliyelipeleka Darasa Bungeni

Kila mwaka, wanachuo warudipo kutoka katika mazoezi ya kufundisha, hutuletea swali lile lile kwa maneno mbalimbali: je, mwalimu wa watoto wadogo aweza kulifanyia taifa jambo kubwa? Swali hili aghalabu huulizwa kwa utani, lakini ndani yake mna uchungu. Mwanachuo mmoja alitueleza waziwazi kwamba yeye ameushika ualimu kama ngazi. Akishapanda, ataisukuma ianguke. Hatukumkemea. Tulimpa habari za mwalimu mmoja ambaye kweli alitoka miongoni mwa watoto wadogo akaingia bungeni, tukamtaka aamue mwenyewe kama ualimu ulikuwa ngazi kwa mtu huyo, au ulikuwa kitu kingine. Habari hizo tunazieleza hapa pamoja na maoni yetu.

Mwalimu huyo ni Shirley Chisholm wa Marekani. Alizaliwa mwaka 1924 katika mtaa wa Brooklyn, jijini New York. Baba yake alitoka Guyana, naye alikuwa mfanyakazi wa kiwandani. Mama yake alitoka kisiwa cha Barbados, akawa mshonaji na mtumishi katika nyumba za watu. Kwa kuwa maisha yalikuwa magumu, wazazi walimpeleka bintiye Barbados akalelewe na bibi yake, na huko ndiko alikoanza shule, katika jengo la chumba kimoja. Alirudi New York mwaka 1934. Baadaye alisema kwamba uwezo wake wa kuandika na kusema vizuri aliupata katika shule ile ndogo yenye nidhamu kali. Wanachuo watakaopangiwa shule za vijijini zenye vyumba vichache na wayakumbuke maneno hayo.

Alipohitimu Chuo cha Brooklyn mwaka 1946, alianza kazi kama msaidizi wa mwalimu katika kituo cha kulelea watoto mtaani Harlem. Huku akifanya kazi, aliendelea na masomo ya elimu ya watoto wadogo katika Chuo Kikuu cha Columbia hadi akapata shahada ya pili. Kisha akawa mkuu wa kituo kingine cha watoto katika jiji hilo hilo, na tangu mwaka 1959 hadi 1964 alikuwa mshauri wa elimu katika idara ya jiji iliyosimamia vituo vya namna hiyo. Nyakati za jioni alihudhuria mikutano ya chama mtaani kwake. Huko aliona kuwa akina mama ndio waliofanya kazi ya kuchangisha fedha, ilhali uamuzi ulibaki mikononi mwa wanaume, naye hakulinyamazia jambo hilo. Mwishoni mwa mwaka 1964 alichaguliwa kuingia katika Bunge la Jimbo la New York, ambalo hukutana mjini Albany, akatumikia humo tangu 1965 hadi 1968.

Tuhesabu. Tangu mwaka 1946 hadi 1964 ni miaka 18. Kwa muda wote huo kazi yake ilikuwa watoto wadogo, mama zao, na watu wanaowafundisha. Mtu aliyeutaka ualimu uwe ngazi tu hakai juu ya kidato kimoja kwa miaka 18.

Sasa na tutazame alichokifanya bungeni, kwa sababu hapo ndipo penye somo letu. Jambo la kwanza lilihusu vijana wa mitaa ya kimaskini ambao shule zao dhaifu hazikuwawezesha kupata alama za kuingia chuo kikuu. Alikuwa miongoni mwa waliosimamia mpango uitwao SEEK, ulioanzishwa kwa sheria mwaka 1966, ambao uliwapokea vijana wa namna hiyo katika Chuo Kikuu cha Jiji la New York na kuwapa masomo ya kuwaimarisha, ushauri, na msaada wa fedha. La pili lilihusu watumishi wa nyumbani: sheria aliyoipigania iliwapatia haki ya malipo ya bima wanapokosa kazi, haki ambayo wafanyakazi wa viwandani walikuwa nayo zamani. La tatu lilihusu walimu wenyewe. Mwalimu wa kike aliyeacha kazi kwa muda kwa sababu ya uja uzito alikuwa akipoteza haki zilizotokana na miaka aliyokwisha kuitumikia. Akirudi, huhesabiwa kama mgeni. Sheria aliyoileta iliuondoa udhalimu huo.

Zaidi ya hayo, alipinga desturi ya jimbo lake ya kumtaka mpiga kura athibitishe kwamba ajua kusoma na kuandika Kiingereza. Watu wengi waliotoka Puerto Rico walisoma na kuandika Kihispania, lugha ambayo Chisholm mwenyewe aliifahamu. Hoja yake ilikuwa nyepesi: mtu anayeimudu vyema lugha yake ya kwanza hawezi kuitwa mjinga kwa sababu hiyo.

Yeyote aliyewahi kufundisha watoto wadogo atatambua mara moja mambo haya yalitoka wapi. Hayakutoka katika vitabu vya sheria. Kijana anayekosa chuo ni yule mtoto ambaye zamani alikosa msingi. Mtumishi wa nyumbani ni mama anayemleta mwanawe kituoni alfajiri na kumchukua giza likiingia, na siku anapofukuzwa kazi mtoto huja na njaa. Mwalimu mja mzito ni mwenzetu wa darasa la pili. Na mpiga kura aliyekataliwa kwa sababu ya lugha ni ndugu wa mtoto wa darasa la kwanza anayekaa kimya, ambaye mwalimu mwenye haraka huandika kwamba ni mzito wa akili, kumbe lugha ya shule bado haijamkaa kinywani.

Kwa hiyo twasema kwamba Chisholm hakuliacha darasa. Alilichukua akaenda nalo Albany. Uchunguzi aliokuwa akiufanya kila siku juu ya mtoto mmoja mmoja ndio uliokuwa hazina yake bungeni, wala si ufasaha wa ulimi peke yake, ingawa ufasaha alikuwa nao.

Tusidhani pia kwamba bunge lilimtii. Yeye mwenyewe alieleza kuwa alipeleka miswada 50 na ikapita 8. Hata baada ya mwaka 1968, alipochaguliwa kuwa mwanamke mweusi wa kwanza katika Bunge la Marekani, hali iliendelea kuwa hivyo. Mwaka 1971 mabunge yote mawili yalipitisha mswada wa malezi ya watoto wadogo kwa nchi nzima, jambo ambalo yeye alikuwa miongoni mwa waliolipigania, lakini Rais Nixon akakataa kuutia sahihi. Mwaka 1972 Chisholm aligombea kuteuliwa na chama chake kuwania urais, akashindwa. Mwalimu hashangazwi na hesabu za namna hii. Tunaporudia somo la kujumlisha kwa kubeba, mara ngapi twarudia kabla ya mtoto wa nyuma kabisa kuinua mkono? Uvumilivu huo hufundishwa darasani kuliko mahali pengine popote.

Huenda msomaji akatupinga kwa kusema: mnamsifu mtu aliyeondoka, na je, watoto wa Harlem walibaki na nani? Pingamizi hili lina uzito, nasi hatulipuuzi. Kila mwalimu mwema anayeondoka huacha pengo ambalo halizibwi na hotuba. Hatuwashauri wanachuo wote waikimbilie siasa. Shule zingebaki na ubao na chaki tu. Lakini sheria zinazowahusu watoto zitatungwa, tupende tusipende, na zikitungwa na watu ambao hawajapata kukaa na watoto 60 katika chumba kimoja, zitakuwa na kasoro ambazo mwalimu ndiye atakayezibeba. Iliyo muhimu ni kwamba anayekwenda awe amejaa alichokiona, na anayebaki awe tayari kumwambia anachokiona. Nayo mwaka 1983, alipostaafu ubunge, Chisholm alirudi kufundisha, safari hii katika chuo cha Mount Holyoke. Aliaga dunia tarehe 1 Januari 2005.

Basi jambo hili lina nini kwa mwanachuo anayejiandaa kwenda mazoezini? Tutoe mfano mmoja tulioushuhudia. Katika ukaguzi wetu tulimkuta mwanachuo ameandika neno “mtoro” mbele ya jina la msichana wa darasa la tatu. Andalio lake la somo lilikuwa safi, zana zilikuwa tayari, naye alifundisha vizuri. Tulimwuliza kama amepata kujua kwa nini mtoto huyo hukosa. Hakujua. Alipokwenda nyumbani kwao aligundua kwamba mama hutoka alfajiri kwenda kufanya kazi katika nyumba ya watu, na msichana hubaki kumtunza mdogo wake hadi jirani arudi kutoka sokoni. Neno “mtoro” lilikuwa kweli katika daftari la mahudhurio, lakini lilikuwa uongo juu ya mtoto. Sisi wenyewe tuliona haya, maana tulikuwa tumemfundisha mwanachuo yule kupanga hatua za somo, hatukumfundisha kuuliza.

Kwa sababu hiyo twapendekeza kwamba kila mwanachuo, pamoja na azimio la kazi na maandalio ya masomo, awe na daftari la tatu. Ndani yake aandike kila juma kikwazo kimoja kilichomzuia mtoto kujifunza, ambacho hakiwezi kuondolewa kwa mbinu ya kufundishia peke yake: njaa, maji ya mbali, lugha, malezi ya wadogo, umbali wa shule. Aandike alichokiona kwa macho yake, si alichokisikia. Asiandike majina ya watoto. Kisha daftari hilo lisomwe katika kikao cha walimu, na yale yanayofaa yapelekwe kwa kamati ya shule na kwa diwani. Sauti ya mwalimu hupata nguvu pale inapotaja siku, idadi na sababu.

Mwanachuo wetu wa ngazi alizisikiliza habari hizi hadi mwisho. Hakusema kwamba amebadili nia, nasi hatukumlazimisha. Aliuliza swali moja tu: daftari hilo laanza kuandikwa lini? Tulimjibu kwamba laanza siku ya kwanza ya mazoezi, mtoto wa kwanza anapochelewa.