Tuwape watoto maneno ya kujikingia mtandaoni

Serikali ilipoanza kusambaza vishikwambi katika shule za msingi za umma mwaka wa 2016, mjadala uliozuka nchini ulihusu fedha, umeme na wezi. Walipa kodi walitaka kujua bei, walimu wakuu walitaka kujua nani atalipia vyuma vya madirishani, nao wazazi wakauliza ni lini watoto wao wangeviona vifaa hivyo. Maswali hayo yote yalikuwa ya haki. Hata hivyo, kuna swali moja ambalo halikupewa nafasi yake wakati ule na ambalo hadi leo linasubiri jawabu: mtoto wa Gredi ya Pili au ya Tatu ataonywa kwa lugha gani kuhusu hatari zilizomo ndani ya kifaa anachokabidhiwa?

Ninaliuliza swali hili nikiwa mwanaisimu, wala sitaki msomaji adhani kwamba ni swali la wataalamu peke yao. Ni swali la kila mwalimu anayesimama mbele ya watoto hamsini akiwa na kifaa kimoja mkononi. Mtoto hawezi kujihadhari na jambo asilolijua kwa jina, na likishampata, hawezi kulisimulia kwa maneno asiyokuwa nayo.

Hapana shaka kwamba vifaa vimefika. Zaidi ya vishikwambi milioni moja vilipelekwa katika shule zaidi ya elfu 21, na mtaala wa umilisi uliotandazwa kuanzia mwaka wa 2019 unahesabu ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi. Lakini katika shule kadha ambazo nimezizuru ili kuwakagua wanachuo wetu walio katika mazoezi ya kufundisha, vifaa hivyo vimefungiwa katika kabati la mwalimu mkuu. Baadhi vimeharibika betri, vingine havikuwashwa kwa miaka. Mwalimu mkuu mmoja alinieleza, kwa fahari ya mtu aliyetunza amana, kwamba hakuna hata kimoja kilichoibwa. Sikumlaumu, kwa maana kikipotea angeulizwa yeye. Lakini tuangalie matokeo yake. Kifaa kikifungiwa, somo nalo hufungiwa. Mtoto yule yule ambaye hakukigusa kishikwambi cha shule hurudi nyumbani jioni akaichukua simu ya mama yake, akaingia mtandaoni bila mwalimu, bila mtaala na bila onyo lolote. Hatari haikumsubiri serikali imfundishe.

Na hatari yenyewe si ya kubuni. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2021 na mashirika ya ECPAT, INTERPOL na UNICEF ulikadiria kwamba kati ya asilimia 5 na 13 ya watoto wa Kenya wenye umri wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walikuwa wamefanyiwa visa vibaya vya unyanyasaji wa kingono mtandaoni katika muda wa mwaka mmoja tu. Wengi wao hawakupeleka habari hizo kwa polisi wala kwa nambari ya simu ya msaada. Sidai kwamba lugha peke yake ndiyo iliyowafunga vinywa. Hofu ipo, aibu ipo, na kutojua pa kwenda kupo. Lakini aibu hukaa ndani ya lugha. Sisi wasemaji wa Kiswahili tumejaliwa tafsida, nayo ni pambo zuri la mazungumzo ya watu wenye adabu. Mtoto wetu hufunzwa kuyaita mambo yote ya aina hiyo "tabia mbaya". Siku anapofika mbele ya mwalimu, askari au daktari na kusema kwamba mtu amemfanyia tabia mbaya, bado hajasema jambo ambalo linaweza kuandikwa katika kitabu cha mashtaka. Tena neno lenyewe linamtia lawama yeye, kana kwamba tabia iliyoharibika ni yake.

Ningependa kuyapima maneno machache ambayo mwalimu wa madarasa ya chini hana budi kuyafundisha kabla hajakiwasha kifaa.

La kwanza ni siri. Ufunguo wa kuingilia katika kifaa au akaunti tumeuita nywila, nenosiri, na neno la siri. Sina ugomvi na wanaopenda nywila, lakini kwa mtoto wa miaka minane ningechagua neno la siri, kwa sababu linajieleza: kilicho siri hakitangazwi. Hata hivyo neno hilo lina makali pande mbili. Mtu mwovu naye humwambia mtoto, "Hii ni siri yetu." Kwa hiyo mwalimu ahakikishe kwamba watoto wanatofautisha siri ya ufunguo, ambayo humkinga mwenyewe, na siri ya kuficha jambo linalomtia hofu, ambayo humkinga mkosaji. Ile ya kwanza hushikwa; ile ya pili hupelekwa mara moja kwa mtu mzima anayeaminika.

La pili ni rafiki. Katika utamaduni wetu rafiki ana sura, ana kwao, na wazazi wanamjua. Wahenga walinena kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mitandao ya kijamii imelichukua neno hilo ikampachika kila mtu aliyebonyeza kitufe. Mtoto anapoambiwa kwamba ana marafiki mia mbili, huamini, maana neno analijua tangu utotoni na halijawahi kumdanganya. Hapana budi afundishwe kwamba asiyemjua kwa uso ni mgeni, hata kama picha yake ni ya mtoto mwenzake.

La tatu ni kufuta. Ubao hufutwa, daftari hufutwa, na kilichofutwa kimekwisha. Picha iliyopelekwa mtandaoni haifutiki hivyo. Mwenye kuituma anaweza kuiondoa katika simu yake ilhali nakala zake zimekwisha hifadhiwa na watu asiowajua, katika mitambo iliyo nchi za mbali. Vivyo hivyo tunasema data imehifadhiwa katika "wingu", mtoto akafikiri kwamba imepeperuka. Haikupeperuka. Imekaa katika jengo lenye kuta na mlango, na mwenye mlango si yeye.

La nne ni kurubuni. Walimu wengi huniuliza ni neno gani la Kiswahili litakalobeba dhana ya mtu mzima anayemzoesha mtoto kidogo kidogo, kwa maneno matamu na vizawadi, mpaka mtoto akose nguvu ya kukataa. Huwajibu kwamba neno tunalo na hatulitumii. Kurubuni ni kumpumbaza mtu kwa kumpa kitu ili umpate. Sikio la msemaji huliweka jirani na arubuni, yaani kile kiasi anachotanguliza mnunuzi ili bidhaa isiuzwe kwa mwingine. Mfano huo humtosha mtoto kabisa. Vocha ya simu anayotumiwa na asiyemjua ni arubuni, na malipo yenyewe yatadaiwa baadaye.

Kuna jozi nyingine ya maneno inayowahusu walimu na wazazi zaidi kuliko watoto, nayo ni idhini na ridhaa. Idhini ni ruhusa itolewayo na mwenye mamlaka. Ridhaa ni kukubali kwa moyo baada ya kuelewa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inakataza kushughulikia data ya mtoto bila mzazi au mlezi wake kukubali, na inataka jambo hilo lifanywe kwa namna inayolinda haki na masilahi ya mtoto. Je, shule zetu hutafutaje kukubali huko? Fomu hutumwa nyumbani kwa Kiingereza kigumu, ikiwa imechanganywa na orodha ya vitabu na karo ya chakula, na mzazi akatia sahihi mahali alipoonyeshwa. Amepata kutoa idhini ya mkono. Ridhaa hakutoa, kwa kuwa hakuelewa aliloulizwa.

Wanaodhani kwamba haya ni mabishano ya maneno matupu na wakumbuke kilichotokea Septemba 2023. Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja humu nchini faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila wazazi kukubali. Na bado, kila mwisho wa muhula, kurasa za shule zinajaa picha za watoto wakiwa na sare, majina yao kamili na gredi wanazosoma. Nia ni njema: shule inajitangaza, mzazi anajivunia. Lakini mgeni mwenye nia mbaya amekwisha kupewa uso, jina na mahali. Amebakisha nini cha kutafuta?

Isitoshe, hata zana zinazoitwa za elimu hazina budi kuchunguzwa. Shirika la Human Rights Watch lilichunguza programu na tovuti 164 za masomo zilizopendekezwa na serikali za nchi 49 wakati wa janga la Korona. Katika ripoti yake ya mwaka wa 2022 lilisema kwamba 146 kati yake, yaani asilimia 89, zilionekana kushughulikia data za watoto kwa njia zilizohatarisha au kukiuka haki zao. Kwa hiyo mwalimu asiseme kwamba programu ni salama kwa sababu tu inafundisha hesabu.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kuviondoa vifaa hivi kabisa. Ufaransa ilipiga marufuku simu katika shule za msingi na za kati mwaka wa 2018, na Bunge la Australia lilipitisha sheria Novemba 2024 ya kuwazuia watoto walio chini ya miaka 16 kumiliki akaunti katika mitandao ya kijamii. Siyapuuzi mawazo hayo. Mtoto mdogo hahitaji simu darasani, na mitandao ya kijamii si mahali pake. Ila marufuku huulinda mlango tu. Haimfundishi mtoto afanye nini siku atakapoukuta wazi. Na katika nchi ambayo simu moja hutumiwa na jamaa nzima, mlango huo uko wazi katika nyumba nyingi.

Wapo pia watakaosema kwamba lugha ya kompyuta ni Kiingereza, basi mtoto na azoee. Hoja hii inasahau sera yetu wenyewe. Tangu ripoti ya Gachathi ya mwaka wa 1976 tumekuwa tukikubaliana, angalau katika karatasi, kwamba mtoto wa miaka mitatu ya kwanza ya shule afundishwe kwa lugha inayotumika katika eneo lake. Ikiwa tunaona haki kumfundisha kuhesabu maembe kwa lugha anayoielewa, kwa nini tumfundishe kujiokoa kwa lugha anayoikariri? Katiba ya mwaka wa 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Sheria ya Makosa ya Kompyuta na Mitandao ya mwaka wa 2018 na Sheria ya Watoto ya mwaka wa 2022 zinamlinda mtoto huyu, lakini itamfaa nini sheria ambayo si yeye, wala mzazi wake, anayeweza kuisoma?

Nini basi kifanyike? Kwanza, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala nchini ishirikiane na idara za Kiswahili na za lugha za Kiafrika katika vyuo vikuu vyetu ili kutoa orodha fupi ya istilahi za usalama wa mtandaoni kwa madarasa ya chini. Orodha hiyo isizidi maneno hamsini, na neno moja litumiwe kwa dhana moja nchini kote. Pili, vyuo vya walimu vifundishe namna ya kuyazungumza mambo ya mwili na ya aibu mbele ya watoto kwa maneno ya staha lakini yaliyo wazi. Tatu, kila fomu ya kuomba ridhaa ya mzazi iandikwe kwa Kiswahili au kwa lugha ya eneo, katika karatasi yake peke yake, na mzazi aelezwe kwamba ana haki ya kukataa bila mwanawe kuadhibiwa. Nne, shule ziache kubandika mtandaoni uso na jina la mtoto pamoja. Tano, nambari 116, ambayo ni simu ya bure ya kuwasaidia watoto, iandikwe katika ukuta wa kila darasa, kwa herufi ambazo mtoto wa Gredi ya Kwanza anaweza kuzisoma.

Hakuna katika haya linalohitaji umeme wala mkopo kutoka ng'ambo. Walimu wenzangu wanaweza kuanza Jumatatu, hata pale ambapo vishikwambi vimelala kabatini, kwa kuwa somo la siri, rafiki, kufuta na kurubuni hufundishika kwa chaki na ubao. Nanyi wanachuo mnaojiandaa kwenda mazoezini, msingoje mwongozo wa mwalimu uwafikie. Waulizeni watoto wanaliita nini jambo linalowatisha katika simu ya nyumbani, kisha msikilize. Mkiona hawana neno, wapeni.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu ni wa maneno, na maneno tunayo.