Kiwiko Kilichovunjika

Maembe yanapoiva huku Shinyanga, na ng'ambo ya Geita vilevile, watoto hupanda miti, na wengine huanguka. Aangukaye huunyosha mkono ili ajikinge, na mara nyingi mfupa huvunjika palipo pembamba, juu kidogo ya kiwiko. Ikiwa vipande vimeachana, si jambo la kungoja kesho.

Mbele ya mfupa huo hupita mshipa mkubwa wa damu, pamoja na mishipa ya fahamu. Ncha ya mfupa uliohama huweza kuibana au kuichoma. Tena kiwiko huvimba. Nacho kikifungwa kwa mabanzi na kitambaa kilichokazwa, damu hukosa njia. Nyama iliyokosa damu kwa saa 6 hivi huanza kufa. Mwaka 1881 daktari Mjerumani, Richard von Volkmann, alieleza habari za vidole vilivyojikunja daima kwa ajili ya bendeji zilizokazwa mno. Mkono wa namna hiyo haushiki vema jembe wala kalamu.

Waganga wa mifupa wa vijijini hatuwadharau, wapo waliowafaa wengi. Lakini kiwiko cha namna hii kisikandwe, wala kisivutwe.

Hospitalini mtoto hulazwa usingizi kwa dawa. Daktari huvirudisha vipande mahali pake, akitazama kwa eksirei, kisha hupitisha vyuma vyembamba 2 au 3 katika ngozi hadi mfupani. Hupasua ikiwa mfupa umekataa kurudi, au umetoboa ngozi, au damu haifiki mkononi. Wazazi huviogopa vyuma hivyo, wakidhani vitakaa milele. Hutolewa baada ya majuma 3 au 4.

Watu wa Geita wapelekwao Bugando, Mwanza, zamani walingoja kivuko. Tangu Juni 2025 hupita juu ya daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilometa 3.

Kabla ya safari, vueni bangili na nyuzi. Mkono utegemezwe kwa kanga kama ulivyo, bila kunyoshwa. Mtoto asile, kwa ajili ya ile dawa ya usingizi. Njiani bonyezeni ukucha: ukiachiwa, wekundu urudi upesi. Vidole vikiwa baridi, au akilia mno vinyoshwapo, legezeni kitambaa na kuharakisha. Naye mwalimu aandike saa ya kuanguka katika karatasi, ampe yule amsindikizaye mtoto, kwa maana daktari ataiuliza kwanza.