Kisu Kikivunjika Ncha, Tuulize Bisibisi Iko Wapi



Katika ziara zetu za matawini, kutoka Busia hadi Tororo, liko jambo dogo ambalo tumelikuta kila mahali. Mfanyakazi akitoa kisu chake cha kukunja mfukoni, mara nyingi kisu hicho hakina ncha. Wengine wametuambia kwamba cha kwanza walikitupa wakanunua kingine sokoni, na hicho nacho kikavunjika kabla ya mwaka kwisha. Wengine kisu kilikuwa cha stoo, na bei yake ikakatwa katika mshahara wao mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo leo tunataka kusema mambo mawili. La kwanza, kisu kilichovunjika ncha si cha kutupwa, maana hutengenezeka kwa jioni moja. La pili, ncha ya kisu haivunjiki bila sababu, na sababu hiyo mara nyingi haimo mfukoni mwa mfanyakazi, imo katika stoo ya mwajiri.

Yuko atakayeuliza: chama kina mambo makubwa ya mishahara na nyumba, cha nini kuzungumza habari za kisu? Tunamjibu kwamba kisu ni chombo cha kazi. Mkata miwa hufanya kazi yake kwa panga, lakini kamba, gunia na kiraka cha buti ni kazi ya kisu kidogo. Mtu wa kiwanda cha saruji hukitumia kwa mifuko na nyuzi, na fundi wa mitambo kwa mpira na mikanda ya mashine. Saa sita kisu hicho hicho humenya muhogo. Chombo kinachofanya kazi zote hizo kinastahili kuzungumzwa katika gazeti la wafanyakazi.

Tuanze na matengenezo. Kwanza kitazame kisu kwenye mwanga pale kilipovunjika. Kama kuna ufa unaoingia ndani zaidi, lazima usage mpaka uumalize, la sivyo kitavunjika tena pale pale. Kama ni ncha tu imeruka, kiasi cha punje ya mchele au ya mahindi, kazi ni nyepesi. Funga kitambaa kwenye kiungo cha mpini ili vumbi la chuma lisiingie, kisha kibane kisu kwenye jiliwa, maana kisu cha kukunja kinaweza kujifunga juu ya vidole ukiwa unasugua.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu. Saga mgongo wa kisu, usisage makali. Chora mstari wa kalamu kutoka mgongoni ukiteremka taratibu mpaka ukutane na makali pale mbele, kisha ondoa chuma chote kilicho juu ya mstari huo. Kwa njia hii makali yako hayakuguswa na urefu wake unabaki karibu wote. Tena kisu kikifungwa, ncha mpya inalala chini ndani ya mpini. Anayesaga upande wa makali huipandisha ncha juu mgongoni, na kisu kikifungwa ncha hiyo hubaki nje, ikatoboa mfuko na kumchoma mwenyewe paja. Ukimaliza, kifunge kisu upitishe kitambaa juu yake. Kikinasa, ongeza kusaga mgongo.

Jambo la pili ni moto. Chuma cha kisu kimepewa ugumu wake kiwandani kwa moto uliopimwa. Cherehe ya umeme inayosaga kikavu huweza kuupoteza ugumu huo kwa muda mfupi sana. Chuma kikianza kugeuka rangi ya majani makavu, hiyo ni onyo. Kikigeuka buluu, mahali hapo pamelegea, na makali yake hayatakaa tena hata ukinoa kutwa. Kwa hiyo weka kopo la maji karibu, saga kidogo, chovya, saga tena. Shika kisu kwa vidole vitupu karibu na ncha, na vidole vikisema ni moto, usingoje rangi. Mwenye tupa na kinoo atachelewa kuliko mwenye cherehe, lakini hawezi kuunguza chuma. Tupa ikiteleza bila kung'ata, basi chuma ni kigumu kuliko tupa, tumia jiwe.

Mwisho, ncha mpya huwa nene kuliko ile ya zamani, kwa sababu umerudi nyuma kwenye unene wa kisu. Punguza ubapa kidogo kila upande juu ya kinoo chenye maji, kisha nyoosha makali. Safisha kiungo na utie tone la mafuta ya mashine. Mafuta ya kupikia hugandamana baada ya muda na kuufanya mkunjo uwe mzito. Na anayetumia cherehe avae miwani ya kukinga macho, maana kisu kingine kitapatikana dukani lakini jicho halipatikani.

Asiye na nafasi ya kufanya hivyo ampelekee fundi. Katika masoko yetu wapo wanoaji waliofunga jiwe juu ya baiskeli, wakikanyaga jiwe likazunguka, na wapo mafundi wa jua kali wenye majiliwa yao. Mwambie tu fundi: saga mgongo, na maji yawepo. Mafundi hawa wasidharauliwe. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa taarifa juu ya ajira nchini Kenya, likasema wazi kwamba kazi za namna hiyo zina faida na zinastahili kusaidiwa badala ya kusumbuliwa. Na sisi wa mpaka huu tuna sababu zaidi ya kuwaheshimu, kwa kuwa vilima vya Samia vilijulikana kwa wahunzi kabla reli haijafika. Wazee wa huko waliyeyusha chuma wakafua majembe, na majembe hayo yalitolewa mahari. Chuma kilichopatikana kwa jasho namna hiyo hakikuwa kitu cha kutupwa. Wahenga walisema, usitupe mbachao kwa msala upitao.

Sasa tuje kwenye jambo la pili, ambalo ndilo zito. Ncha ya kisu ni nyembamba na chuma chake ni kigumu. Imetengenezwa kwa kukata na kutoboa. Ukiitumia kukata kamba miaka mitano itapungua kwa kunolewa, lakini haitavunjika. Huvunjika inapopindwa. Na sisi tumeuliza matawini: kisu chako kilivunjikaje? Majibu yanafanana mno. Mmoja alikuwa anafungua skrubu ya kifuniko cha mashine. Mwingine alikuwa anabandua kifuniko cha debe la grisi. Mwingine alikuwa anachokoa uchafu uliokwama, na msimamizi amesimama nyuma yake akimhimiza.

Ndugu zangu, hizo si kazi za kisu. Ya kwanza ni kazi ya bisibisi, ya pili ni kazi ya mtaimbo mdogo, na ya tatu ni kazi ya kulabu, tena mashine ikiwa imezimwa. Mfanyakazi alitumia kisu kwa sababu bisibisi haikuwako, au ilikuwa imefungiwa stoo na mwenye ufunguo ameondoka. Kazi ilitakiwa iishe, akaifanya kwa alichokuwa nacho. Ikiwa kisu ni chake mwenyewe, basi amemkopesha mwajiri chombo bila malipo na kikavunjikia huko. Ikiwa ni cha stoo, analipishwa kwa kuwa alikuwa na bidii. Yote mawili tunayakataa.

Sheria haiko mbali nasi katika jambo hili. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali yake iliyoharibika au kupotea kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Yashikeni sana maneno hayo, kosa la makusudi. Ncha iliyovunjika mtu akiwa anatii amri ya kazi haina makusudi yoyote. Nchini Uganda nako, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 imeweka mipaka ya makato, na mwenye malalamiko anaweza kuyafikisha kwa afisa wa kazi wa wilaya. Na tangu mwaka 1981 Mkataba Namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani unasema kwamba hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Kisu kinachovunjika usoni pa mtu ni jambo la usalama kabla hakijawa jambo la fedha.

Tunajua jibu la waajiri wengine. Husema wafanyakazi ni wazembe, wakipewa vyombo huvipoteza. Basi na iwekwe daftari, chombo kitoke kwa sahihi na kirudi kwa sahihi. Mfanyakazi mwaminifu haogopi daftari. Kisichokubalika ni kuficha vyombo kisha kuwalipisha watu kwa kukosa vyombo.

Kwa hiyo tunaomba kila tawi lifanye haya. Mwakilishi wa wafanyakazi aandike kila kisu kinachovunjika: tarehe, kazi iliyokuwa ikifanywa, na chombo kilichokosekana. Asitupe vipande, aviweke. Mkutano na mwajiri ukifika, orodha hiyo iwekwe mezani pamoja na vipande vyenyewe. Mtu mmoja akilalamika juu ya ncha ya kisu atachekwa. Visu ishirini mezani, kila kimoja na kazi iliyokivunja, havichekeshi. Pia tudai kwamba kila karakana iwe na cherehe yenye kikinga chake, miwani na kopo la maji, na mfanyakazi aruhusiwe kunoa chombo cha kazi ndani ya saa za kazi, kwa kuwa chombo butu kinamchelewesha mwajiri vile vile.

Aliyekatwa mshahara kwa ajili ya kisu asinyamaze kwa kuona ni fedha kidogo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo ni kisu, kesho ni panga, kesho kutwa ni mkanda wa mashine nzima. Alete hati yake ya mshahara tawini, nasi tutaifuata.

Tengenezeni visu vyenu, ndugu. Na kila mnaposaga mgongo wa kisu, kumbukeni kuandika ni kazi gani iliyokivunja.